Kaa wa Rugaibula

Asubuhi moja ya mwaka 1952, kwenye zahanati ya huko Muleba, Rugaibula alikohoa na kaa akamtoka mdomoni, akaangukia meza ya daktari. Alikuwa kaa wa kijito, mdogo, wa kahawia, ana damu kidogo mgongoni. Daktari, Mwingereza, alimsukuma kaa pembeni kwa kalamu ili aendelee kuandika.

"Makohozi yana damu. Kifua kikuu."

"Na kaa, waitu?" aliuliza kwa heshima Alistidia, mke wa Rugaibula. "Jana pia alitoka mmoja. Huyu mume wangu anakula kaa wabichi wabichi. Nimemkataza mpaka sauti imenikauka."

"Kaa si dalili ya kifua kikuu."

"Ndicho ninachosema."

"Basi, mama, tuache habari za kaa."

Sindano zilikuja kwa lori kutoka Bukoba. Ziliua masikio ya Rugaibula, kaa hawakudhurika. Kaka yake, Kashaija, alimjengea kibanda cha majani mwisho wa kibanja cha migomba, akampa kikombe cha peke yake. Rugaibula alitaka kurudi kulala nyumbani kwake, basi. Ndugu wakakataa.

Kila jioni kaa walimtoka, wakapanda kibanjani wamefuatana hadi jikoni kwa Kashaija, kwenye joto. Kashaija hakuona sababu ya kuwatupa. Aliwababua motoni, akala na wageni, wakishushia rubisi, pombe ya ndizi.

Alistidia alisimama mlangoni. "Shemeji, mnakula kilichotoka kifuani mwake, halafu kikombe chake mnakiogopa?"

"Kaa ni kitoweo," alisema Kashaija, akivunja gando. "Ugonjwa ni ugonjwa. Daktari ameandika."

"Basi waacheni waive."

"Wakiiva sana wanakauka."

Baada ya masika Kashaija alikohoa kanisani, katikati ya wimbo. Kaa akaangukia kitabu cha jirani. Jirani alimkung'uta, akaendelea kuimba. Daktari akaandika kifua kikuu.

Ukoo ulikaa, ukakubaliana kwamba Rugaibula ndiye aliyemwambukiza kaka yake. Kashaija akajengewa kibanda. Cha Rugaibula kikahamishiwa mbali zaidi, chini kabisa, kando ya kijito, ambako hakuna watu ila kaa.

Jioni Alistidia alimpelekea mumewe kuni za kutosha kuivisha kaa. Alikuta ameshakula, moto haujawashwa.