Florentine Anapungua

Florentine alifanya kazi ya usafi katika kituo kimoja cha afya cha Baraka. Daktari alipompima tansio, yaani shinikizo la damu, mara ya tatu na kuikuta ingali juu, alimwambia apunguze uzito, tena atembee zaidi.

Florentine akacheka. "Dokta, kutwa nzima mi natembea na ndoo."

"Basi tuhesabu," daktari akasema, akamfungulia Florentine kwenye simu yake mwenyewe mahali pa kuhesabia hatua.

Jioni hesabu ilimshangaza. Hatua zilikuwa nusu tu ya alizodhani, kwa sababu saa nyingi alikuwa akikaa jikoni na ndugu waliokuja kuwauguza wagonjwa, wakipiga stori. Kuanzia hapo akaacha kupanda moto, pikipiki ya kukodi, asubuhi, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Bugali akapunguza, na chumvi pia. Kila jioni alitazama simu, akifurahi ikiwa ameipita hesabu ya jana.

Miezi ikapita. Shingo yake ikawa nyembamba, mashavu yakaingia ndani. Sokoni watu wakaanza kunong'ona.

Siku moja dada yake mkubwa, Suzanne, alifika kutoka Lubondja. Florentine alikuwa bado kazini. Suzanne alikataa hata chai, akamgeukia Casimir, mume wa Florentine.

"Shemeji, niliona mudogo yangu ku soko ya hapa wiki iliyopita. Anaisha. Muko na ugonjwa munatuficha, ao iko njaa hapa nyumbani?"

Casimir akainamisha kichwa. Florentine alipoingia aliwakuta hivyo, kila mmoja akiangalia chini. Suzanne akamuuliza naye swali lile lile.

"Yaya, mi niko muzima," Florentine akasema. Akawaeleza habari ya daktari, tansio na kutembea, na kwamba siku hizi tansio imeshuka.

"Juu ya nini hukutuambia?"

"Niliogopa mutanicheka. Mwanamuke muzima anahesabu hatua."

Suzanne akashusha pumzi, akaomba ile chai. Lakini Casimir alitoka nje. Florentine akamfuata, akamkuta amesimama karibu na ukuta, macho yamelowa.

"Nilizani unakufa," alisema. "Pale garaji, ku kazi yangu, walisema maneno mengi. Niliogopa kukuuliza."

"Na mi niliona unaniangalia sana. Nikazani unaniona mubaya."

"Hapana, mama. Hapana."

Wakakaa pale mpaka Suzanne akawaita, akilalamika kwamba chai inapoa.

Jumamosi Casimir alikusanya magauni ya mkewe, akayapeleka mwenyewe kwa fundi Eddy ili yapunguzwe kiunoni. Wanawake wanne walikuwa wakingoja zamu yao, nao wakanyamaza walipomwona.

"Ni ya Florentine," akawaambia, kabla yeyote hajauliza. "Alikuwa na tansio, sasa iko muzuri. Anatembea."

Kisha akakaa kwenye benchi kati yao, akangoja zamu yake.