Mteremko wa Mlangoni

Mvua ilipoanza kugonga mabati, Mama Mkaa aliwaacha wateja wamesimama na mifuko yao, akakimbilia ndani kutazama ukuta. Muuza mkaa akiona wingu jeusi hufunika magunia kwanza, mengine baadaye. Lakini siku hizi alikuwa na ukuta rohoni, na mtu mwenye ukuta rohoni hata mkaa wake anausahau.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha mbele, chumba cha baba mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa kuwa aliendesha malori mpaka mgongo ulipomharibikia na miguu ikafa ganzi moja kwa moja. Kitanda chake kiliegemea ukuta huo. Kwa chini rangi ilikuwa imetoka malengelenge, na ukibonyeza kwa kidole, plasta inabonyea. Nyumba hiyo, tusidanganyane, ilikuwa ya matofali mabichi. Ilipigwa plasta ya saruji ikapendeza, wageni wakadhani ni matofali ya kuchoma. Ila tofali bichi likinywa maji hurudi kuwa udongo tu.

Na maji yalitoka wapi? Hapo ndipo penye maneno. Paa zima lilimwaga kwenye gata moja, gata likashuka kwa bomba moja kando ya mlango wa mbele. Zamani maji yale yaliangukia kwenye mfereji uliopita mbele ya nyumba na kutokea barabara ya upande wa chini, ubavuni mwa nyumba, na mfereji huohuo ulipokea maji ya uani. Kisha mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, fundi hodari kweli kwa vyuma, akaamua kuwa fundi wa zege. Alitaka baba yake atoke nje mwenyewe kwa kiti chake cha magurudumu bila kungoja kubebwa. Akang'oa kizingiti, akafukia mfereji, akamwaga zege kutoka getini mpaka mlangoni, laini, bila hata tuta moja. Uzuri ulikuwepo. Kasoro ni kwamba geti liko juu, mlango uko chini, na maji nayo hayakatai njia laini.

Siku Dereva alipotoka peke yake mara ya kwanza, alifika getini, akashika vyuma vya geti, akalia mbele za watu, mzee mzima, majirani wakimpigia makofi. Nenda basi siku hiyo kaseme mteremko una kasoro. Mama Mkaa alingoja, akasema baadaye, chumbani, kwa sauti ya chini.

"Yafanyie maji njia mpya. Sasa hivi yote yanakuja ukutani."

"Nitafanya."

"Lini? Ukuta unanyonya."

"Hiyo ni rangi mbovu tu. Au unataka Baba arudi kufungiwa ndani?"

Baada ya hapo aliuma ulimi. Wifi yake alishaanza kupitapita akisema yule mwanamke wa mkaa anaona aibu mzee akionekana nje. Neno hilo lilimchoma, na huku limemchoma, malengelenge yakazidi kupanda ukutani.

Sasa mvua ya leo haikuwa ya mchezo. Alipofika chumbani, maji yalishaingia mlangoni na kutambaa chini ya kitanda. Dereva alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka magotini, anaitazama mvua kama mtu anayeangalia gari la mwenzake.

"Mkwe, mkaa wako unaloa huko."

"Acha uloe, Baba."

Akampigia mume wake simu. Mume alikuwa kazini upande wa pili wa mji, kelele za mashine nyuma yake.

"Usiguse kitu," alisema. "Nakuja."

Basi akaanza na yale ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Alijaza magunia chenga za mkaa, akayapanga chini ya ukuta. Maji yakayazunguka. Akainamisha kipande cha bati chini ya bomba ili maji ya paa yarukie mbali. Yakaruka vizuri, yakaangukia kwenye zege, yakateremka yakarudi palepale. Alitukana, na si kawaida yake kutukana.

Aliporudi ndani, kipande cha plasta kilikuwa kimedondoka juu ya mto. Tofali lilionekana, jeusi kwa unyevu. Aliligusa, na kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. Juu ya kichwa cha kitanda palikuwa na ufa ambao asubuhi haukuwepo. Mama Mkaa aliogopa. Aliogopa kwa sababu aliona jinsi ukuta ule utakavyoanguka, na kwamba ungeanguka ndani.

Akachukua sururu. Mahali penyewe alipajua: hatua chache kabla ya mlango, pale mfereji wa zamani ulipofukiwa. Akikata zege hapo, maji yatapinda na kwenda zao barabarani. Akapiga mara ya kwanza, sururu ikadunda. Kabla hajapiga tena, akasikia magurudumu nyuma yake. Dereva alikuwa ametoka ndani mwenyewe, mvua inampiga utosini. Akasogea mpaka juu ya alama ya sururu, akafunga breki.

"Weka hicho kitu chini."

"Baba, sogea. Nakuomba."

"Sisogei. Mwenye kazi hii ni mwanangu. Ngoja aje aivunje yeye."

"Ukuta haumngoji!"

"Mimi nimelala mle ndani miaka nikiangalia misumari ya dari. Nikitaka kuona jua, mpaka mtu apate nafasi. Nikitaka kukojoa, mpaka mtu apate nafasi. Unayajua hayo wewe? Ukikata hapa, umenimaliza."

"Na usipotoka hapo, ukuta utatumaliza wote wawili."

"Basi na utumalize. Dereva hafungui breki kwa kupigiwa kelele."

Kilichomuuma Mama Mkaa ni kwamba mzee alikuwa na haki. Kila neno lake lilikuwa la kweli, na bado maji yalikuwa yanapita kati ya magurudumu yake na kuingia ndani. Kisha chumbani kitu kikalia, mlio mfupi mkavu, na vumbi la plasta likatoka mlangoni katikati ya mvua.

Akatupa sururu. Tangu aolewe hakuwahi kumgusa baba mkwe wake zaidi ya kumpokea kikombe. Kumbeba, kumwogesha, kumgeuza kitandani, hayo yote yalikuwa ya mwanawe, na heshima hiyo wote wawili waliilinda bila kuambiana. Akachuchumaa mbele ya kiti, akampa mgongo, akavuta mikono ya mzee juu ya mabega yake, akainuka naye kama anavyoinuka na magunia yake kila siku.

"Nishushe! Huna adabu! Nishushe, nasema!" Mzee alimpiga ngumi za mabega.

"Nisamehe, Baba."

"Mwanangu ataniona hivi!"

"Acha akuone. Wewe hata gunia hujafika, Baba."

Alisema kwa utani ili asilie. Mzee alikuwa mwepesi mno, mifupa na nguo tu, na wepesi huo ulimuumiza kuliko ngumi. Akamlaza kwenye banda la mkaa, juu ya magunia makavu, mbali na ukuta. Dereva akageuzia uso pembeni. Mama Mkaa akarudi kwenye mteremko, akakisukuma kiti kando kikaanguka ubavu, akaokota sururu.

Zege la fundi vyuma lilikuwa gumu, hakulibania saruji. Mama Mkaa alipiga mpaka viganja vikachubuka. Alikuwa analia sasa, na hakujisumbua kuficha, maana kwenye mvua ile nani angejua. Zege likapasuka upande mmoja, halafu wa pili. Akang'oa mapande kwa mikono, akafukua udongo uliojazwa kwenye mfereji, akafuata mkondo wake wa zamani mpaka ukingoni mwa ua. Maji yakasita kidogo mlangoni. Kisha yakapinda yote, ya uani na ya paa, yakaelekea barabarani kwa kishindo. Yaliyokuwa ndani yakaanza kurudi nje taratibu, yamebeba ndala ya mzee.

Na ukuta ukabaki umesimama. Matatizo yake yakaanzia hapo, kwa sababu ukuta ambao haukuanguka haumtetei mtu.

Mume alifika amelowa chapachapa. Aliona mteremko umekatwa vipande viwili. Aliona kiti cha magurudumu kitupu, kimelala ubavu. Aliona baba yake bandani, mashavu yamepakaa masizi. Hakusalimia.

"Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ukuta ulikuwa unaanguka."

Akaingia chumbani, akatoka.

"Mbona ukuta umesimama?"

"Umesimama kwa sababu nimevunja."

"Au ungesimama tu."

Mama Mkaa alijiona atakavyosimuliwa mtaani kuanzia kesho, mwanamke aliyengoja mumewe aende kazini ili amfungie mzee ndani. Mume alimpita bila kumtazama, akainama bandani kumnyanyua baba yake.

"Niache," alisema Dereva.

"Baba, najua una hasira. Nitaujenga mteremko upya, naapa."

"Una hasira wewe. Mimi nina aibu." Mzee alikuwa anatazama mikono yake. "Mchanga wa ukuta ule ulikuwa unanidondokea shukani. Kila siku nikiamka, mchanga. Nikawa naupangusa kabla hamjaingia, nausukumia chini ya kitanda. Nilijua mkiona mtavunja mteremko."

Mume alibaki ameinama, mikono imenyooshwa hewani. Bomba la gata liliendelea kumwaga, na maji yakaendelea kwenda barabarani.

"Sasa twende ndani, Baba," mume alisema mwishowe, sauti imempungua. "Utapata homa."

"Ndani mle siendi mpaka muushughulikie ule ukuta. Na wewe usinishike." Akanyanyua kichwa, akamtafuta mke wa mwanawe kwa macho. "Mkwe. Njoo unipeleke nje. Nataka kuona maji yanakokwenda."

Mama Mkaa alijifuta viganja vyenye damu kwenye kanga. Akachuchumaa mbele ya magunia, akampa mgongo, na kabla hajanyoosha mkono kuivuta mikono ya mzee, ikamzunguka shingo yenyewe.