Gamba la Mwalimu Efraimu

Mwalimu Efraimu alikuwa ameapa, na Makambako nzima iliyomfahamu ilijua kwamba akiapa amemaliza: siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mkewe, angesimama. Mama Yudita alizikwa Machi ya mwaka uliopita, wakati mumewe amelazwa chali wodini Mbeya, uti wa mgongo umevunjika katika ajali ile ile iliyomuua mkewe. Hakumwona akishushwa kaburini. Tangu siku hiyo hakuhisi kitu chochote chini ya kitovu.

“Sitakwenda kumuaga nimekaa,” alimwambia mwanawe Festo, ambaye alikuwa dereva wa lori la mbao na hakushinda nyumbani zaidi ya wiki moja kwa mwezi. “Nilimwoa nimesimama.”

Julai, kituo kimoja cha mazoezi ya viungo mjini Njombe kilipata mashine ya majaribio. Ilikuwa mifupa ya chuma inayovaliwa juu ya nguo, yenye mota kwenye nyonga na magoti, na betri mgongoni. Mgonjwa aliketi ndani yake, akafunga mikanda ya miguu, ya mapaja na ya kiuno, akabonyeza kitufe kwenye gongo la kutembelea, mashine ikamwinua.

Siku ya kwanza alipoinuliwa, Mwalimu aliona juu ya kabati la ofisi kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na sita ya kuishi chini.

“Pana vumbi,” alisema.

“Shikamoo tena, Mwalimu,” alijibu Praygod, mtaalamu wa kituo, huku akicheka. “Sasa nimeamini umesimama.”

Praygod zamani alikuwa mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambako Mwalimu alifundisha biolojia miaka thelathini na mmoja. Aliwahi kuandika kwamba buibui ana miguu sita, akala viboko viwili, kimoja kwa kila mguu uliopotea.

Mwalimu aliinama kadiri mkanda ulivyomruhusu, akalichunguza goti la chuma. “Panzi mtupu,” alisema polepole. “Ugumu nje, ulaini ndani, kiungo kinakunjika upande mmoja tu.”

“Wanasiasa waliimba kujivua gamba, Mwalimu. Wewe unavaa.”

Mwalimu hakucheka, lakini hakumkemea.

Mashine iliruhusiwa kwenda Makambako kwa wiki sita, na Praygod akasoma masharti. Isivaliwe zaidi ya saa mbili kwa siku. Kila jioni mtu wa nyumbani aikague ngozi ya mgonjwa: visigino, mapaja, na nyuma, juu ya makalio, pale mkanda wa kiuno unapobana. Matokeo yaandikwe kwenye fomu.

“Huhisi, Mwalimu. Ukichubuka hutajua. Nani yuko nyumbani?”

“Mke wa Festo.”

Praygod, Mbena kama Mwalimu, alisita. “Mkweo?”

“Nimesema mke wa Festo.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Esnath, mke wa Festo na mama wa mjukuu wake Jasmine, hakuwa amewahi kuvuka kizingiti cha chumba cha baba mkwe wake. Ndivyo alivyolelewa kwao Mdandu. Baba mkwe hupishwa njiani. Chakula chake huwekwa mezani mkwe akaondoka. Nguo zake chafu huachwa ndani ya ndoo mlangoni. Tangu ajali, Mwalimu alijiogesha na kujivika mwenyewe kwa mikono miwili, saa nzima kila asubuhi, ili desturi hiyo isiguswe.

Jioni ya kwanza Esnath alisimama nje ya mlango na fomu mkononi.

“Kamwene, baba. Nimeleta karatasi.”

“Andika hakuna jeraha, mama Jasmine.”

Esnath aliinua kalamu, akaishusha.

“Baba, sijaona.”

“Na hutaona. Nimejikagua. Andika.”

Aliandika. Tena, kusema kweli, alishusha pumzi, kwa kuwa mchana kutwa alikuwa ameiogopa saa hiyo kuliko Mwalimu mwenyewe. Mwalimu alikuwa amejikagua kwa kioo cha kunyolea. Aliona visigino, aliona mapaja. Nyuma kioo hakikufika. Mwanafunzi aliyeleta ripoti ya namna hiyo maabara angerudishiwa daftari lake likiwa na sifuri. Mwalimu alikigeuza kioo kifudifudi, akalala.

Asubuhi alitembea uani. Esnath alimfuata nyuma akishika mpini wa mashine kama alivyoelekezwa, macho yake chini. Wiki ya kwanza Mwalimu alifika bombani. Wiki ya tatu alifika getini, jasho likimtiririka katika upepo wa Makambako unaokata masikio. Jirani yake, mzee Obed, aliegemea ukuta akamtazama.

“Efraimu! Hiyo inakunywa dizeli au petroli?”

“Inakunywa kunyamaza kwako.”

“Basi itazimika leo!”

Mwalimu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jioni hiyo alivaa mashine tena, kupita saa mbili za masharti, maana kutoka njia ya gari hadi kaburini palikuwa na hatua sitini za kupanda, naye alikuwa na arobaini tu.

Praygod alikuja kila Jumatatu.

“Naomba nikuone nyuma, Mwalimu.”

“Fomu unayo?”

“Ninayo.”

“Imeandikwa nini?”

“Hakuna jeraha.”

“Basi umeshasoma.”

Naye Praygod, mtu mzima mwenye diploma na watoto wawili, alifunga jalada lake.

Wiki ya nne Esnath alizungumza akiwa mlangoni. “Baba, shuka lina doa.”

“Ni chai.”

Aliyelifua shuka hilo alikuwa Esnath mwenyewe. Alijua harufu ya chai. Alivumilia siku tano, kila jioni akiandika maneno yale yale, na ya sita, zikiwa zimebaki siku nane kabla ya Jumamosi ya msalaba, alimpigia simu Praygod akilia kama anayemshtaki baba yake polisi.

Praygod alifika adhuhuri. Safari hii hakuomba. Alimgeuza Mwalimu kitandani, akapandisha shati, akashusha suruali.

“Mwalimu,” alisema, “nauona mfupa.”

Mwalimu alikuwa ameelekeza uso ukutani.

“Ulitufundisha wewe mwenyewe. Gamba la panzi halihisi. Ndiyo maana limetobolewa na vinyweleo vinavyofika kwenye neva. Visingekuwapo, angechomwa na asijue. Hii mashine haina vinyweleo. Ilikuwa na mkweo tu.”

“Najua nilichofundisha.”

“Na mimi nilikuogopa,” alisema Praygod. “Nilijua, nikakuogopa.”

Hospitalini daktari hakuzunguka maneno. Miezi mitatu ya kulala kifudifudi, pengine zaidi. Kusimama kusahauliwe. Kukaa pia: hata kiti cha magurudumu, ambacho kingemfikisha kaburini bila kumdai chochote isipokuwa unyenyekevu, kilipigwa marufuku. Mashine ilirudi Njombe, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mgonjwa mwingine kutoka Makete.

Jumamosi ilifika akiwa amerudishwa nyumbani, kifua juu ya mito. Alisikia magari yakiondoka. Alihesabu nyimbo alizodhani zinaimbwa, kwa mpangilio alioupanga mwenyewe.

Esnath alirudi kabla ya wengine, maana saa ya kusafisha kidonda ilikuwa imefika na Festo alibaki na wageni. Aliingia chumbani bila kubisha. Sasa hakuna aliyebisha.

“Nani alisimama kichwani mwa kaburi?” Mwalimu aliuliza.

“Hakusimama mtu, baba. Nafasi yako tuliiacha wazi.”

“Mchungaji hakuuliza?”

“Aliuliza. Festo alisema unakuja.”

Esnath alivaa glovu, akavuta shuka hadi magotini. Mwalimu alifumba macho, naye Esnath, aliyelazimika kuyafumbua ya kwake, alianza kazi. Mwalimu hakuhisi mkono wa Esnath. Alisikia tu plasta ikibanduka, polepole, kutoka mahali ambapo mwili wake uliishia.