Lebo ya Kirukanjia

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika stoo ya utafiti katikati ya jiji, Nashon alifunga lebo kwenye mguu wa kirukanjia, yule mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye watu humwita panya kwa uvivu tu. Huyu alikuwa wa aina mpya, ambayo haijawahi kuandikwa popote. Nashon alikuwa amemtega mwenyewe kwa ndoo aliyoifukia milimani Cherang'any, akamchuna, akamjaza pamba, akamshona, naye hakuwa na shaka kwamba Nairobi nzima hakuna mshono kama wake. Kwenye lebo aliandika mahali, tarehe na urefu wa mkia. Penye nafasi ya mkusanyaji akaandika, kama ilivyo desturi, jina la mwenye kibali: Daktari Njambi.

Kufikia chai ya saa nne kirukanjia alikuwa ameamka, amekata uzi kwa meno na kuitupa lebo kwenye sinki. Nashon aliandika nyingine. Nayo ikaenda sinki. Kwenye ya tatu aliandika jina lake mwenyewe, na mnyama akanyoosha mkia, akatulia.

Daktari Njambi alifika kutoka nyumbani kwake Kitisuru, akaisoma.

"Nashon, si unajua rules? Hapo inaenda jina ya mwenye permit."

"Mimi najua, Daktari. Ni huyu hajui."

"Basi mwambie."

Nashon alimwambia. Mnyama alisikiliza mpaka mwisho, akakataa.

Ijumaa ugunduzi ungetangazwa mbele ya waandishi wa habari, na jina la mnyama likishachapishwa halibadilishwi. Nashon alitaka atajwe. Alikuwa amelala wiki tatu kwenye matope na baridi, na ilimuuma vibaya kwamba matope hayo yangehesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

Ijumaa hiyo ukumbini Daktari alimlaza kirukanjia juu ya kitambaa chekundu, na lebo mpya mguuni. Mnyama akashuka mezani, akapita katikati ya viatu vya waandishi mpaka mlangoni, aliposimama Nashon. Akarudishwa. Akaja tena. Daktari Njambi si mtu wa kushindwa na jambo dogo.

"Nashon, kuja umshike tu. Simama hapo kando."

Kwenye kiganja cha Nashon mnyama alitulia. Daktari akaeleza jinsi alivyomgundua, na alieleza vizuri.

Kesho yake Nashon alinunua gazeti dukani pale Adams Arcade, akampelekea mkewe, Peres. Picha ilijaza nusu ukurasa: Daktari Njambi akitabasamu, kirukanjia, na chini ya kirukanjia mkono mmoja uliokomea kwenye kifundo. Maelezo yalisema mnyama huyo sasa anaitwa kwa jina la Njambi.

Peres aligusa mkono ule kwenye picha.

"Hii ni kidole yako," akasema. "Hii iko na alama ya sindano."

Nashon akainama, akaangalia, akakubali kwamba ni chake.