Uzito Ulioachwa Wazi

Mwaka 1999 Doreen, binti kutoka Lufingo aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, aliiandikia hospitali moja ya misheni nje kidogo ya Tukuyu programu ya kukokotoa dozi ya kwinini ya watoto. Muuguzi aandike umri na uzito, kompyuta itoe kiasi cha dawa. Aliijaribu mpaka akachoka, haikukosea. Jumatatu ingeanza kutumika wodini.

Ijumaa, mvua ikipiga bati, akapokea diski iliyokuja na basi kutoka kwa Jotham, mwenzake wa chuoni. Ndani mlikuwa na programu inayosoma programu nyingine na kutafuta makosa bila kuziendesha. Doreen hakutarajia makubwa. Angeambiwa nini kuhusu kitu alichokiandika mwenyewe? Akaikabidhi kazi yake, akainuka kumimina chai. Kikombe hakijajaa, programu ile ilikwishamaliza na kuacha onyo moja tu: huenda uzito ukatumika kabla haujajazwa.

Alitaka kulipuuza. Halafu akaifuata njia ya ule uzito kwa kidole kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Muuguzi akiacha uzito wazi, programu haikuuliza tena. Ilichukua namba yoyote iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa kujaribu, akamwandika mtoto mkubwa wa shule, kisha kichanga bila kujaza uzito wake. Kompyuta ikampa kichanga dozi ya yule mkubwa, bila kusita.

 Alitoka katika mvua ileile mpaka kwa Daktari Hezron wa hospitali ile, akamweleza yote. Daktari akavua miwani.

"Kwa hiyo programu ya Jotham haikuiendesha yako hata mara moja?"

"Hapana, daktari. Imesoma tu."

"Ikamwona mtoto ambaye bado hajaletwa."

Doreen akarudi kwenye kompyuta. Akarekebisha, akaipitisha tena kwenye programu ya Jotham. Safari hii ilinyamaza.

Katikati ya wiki iliyofuata mama mmoja alishuka kutoka Ikuti na kichanga aliyekuwa anachemka homa. Sista Veronika, muuguzi wa zamu, kwa haraka akauruka uzito. Kompyuta ikagoma, ikauliza. Sista akaguna, akamfungua mtoto kanga, akamlaza kwenye mizani. Doreen, aliyesimama mlangoni, alisalimiwa na yule mama kwa Kinyakyusa, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye mizani.