Sarafu Juu ya Mtutu

Bega la Nilofar lilikuwa limevilia damu, rangi ya bilinganya, na bado baba yake alishikilia kwamba bunduki haina kosa.

"Unaikimbia," alisema Anverali. "Mbwa ukimkimbia anakuuma. Kitako cha bunduki kikaze begani, kisipate nafasi ya kuja na kasi. Hilo pengo ndilo linalokuumiza, si teke lenyewe."

Nizar, kaka yake Nilofar, alipita na kikombe cha chai, akalitazama bega. "Msimu haujaanza, na bunduki imeshapata windo lake."

Kila mtu katika nyumba ile ya Thornhill, ughaibuni kwenye nchi ya theluji, alijua kwa nini msichana anayewatoa buibui nje kwa kikombe ndiye anayejifunza kuua kulungu. Anverali ni mtu wa mashoto, na madaktari walikuwa wamempachika mashine ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto, pale pale kitako kinapokaa. Teke moja, walimwonya, linaweza kuharibu nyaya. Vuli iliyopita hakuwinda. Mkewe alikuwa amefariki majira yale yale, na mzee akalala kitandani mpaka theluji ilipoyeyuka. Mwaka huu, Oktoba ilipoingia, alimwambia binti yake, "Wewe una pumzi tulivu kuliko kaka yako." Nilofar aliona kwamba akikataa, baba yake atarudi kitandani, na safari hii hatainuka. Akakubali. Alijiwekea sharti moja tu moyoni: mnyama asiteseke.

Kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji, risasi za Nilofar zilikwenda chini. Si zote. Alipopiga kimya, zilitoboa katikati ya karatasi. Alipopiga kama alivyofundishwa na baba yake, kwa kutamka bismillahi na kuvuta kifyatulio papo hapo, zilishuka kiganja kizima.

Waliporudi, Anverali alihakikisha bunduki ni tupu, wakashuka nayo chumba cha chini ya nyumba. Akamlaza binti yake kifudifudi juu ya zulia, akaweka sarafu juu ya mtutu. "Vuta. Sarafu isianguke."

Nilofar alitoa pumzi, akavuta taratibu. Kilisikika kishindo kidogo cha chuma, sarafu ilitulia.

"Sasa sema."

"Bismillahi."

Sarafu ilianguka kabla ya kile kishindo. Wakarudia, ikaanguka tena. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza: neno likiisha, teke linakuja. Ulijikunja wenyewe kulipokea, na mtutu ukainama.

"Baba, nikilisema mapema? Niseme, nitulie, nitoe pumzi, ndipo nivute. Risasi inatakiwa inishtukize."

"Jina la Mungu likitangulia hivyo linakuwa dua ya safari, si ya kuchinja," alisema Anverali. "Baba yangu, kule Singida, alilitamka huku risasi ikitoka. Mimi pia. Sitakula nyama ya mashaka."

"Tungemuuliza sheikh."

"Nimuulize sheikh jambo nililozaliwa nalo?"

Nilofar alikuwa na jibu. Hakulitoa, akaokota sarafu, maana mzee alikuwa amechangamka, amevaa fulana yake ya windo ndani ya nyumba kama mtoto siku ya sikukuu.

Novemba waliingia msituni, kaskazini ya mji. Theluji ilikuwa nyembamba. Kulungu dume alitoka kwenye mierezi, akasimama ubavu, akanusa. Nilofar alikuwa ameegemeza bunduki juu ya gogo. Alama ya darubini ya bunduki ilitulia nyuma ya bega la mnyama, na pumzi yake ikatulia nayo. Angeweza kuvuta kimya. Nyuma yake alisikia baba yake akisubiri.

"Bismillahi."

Mtutu uliinama. Kulungu alikunja mgongo, akatokomea mierezini.

"Umempiga tumboni," alisema Anverali. "Kaa. Ukimfukuza sasa, atakimbia mpaka jioni."

Walikaa. Walipoinuka, damu ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Waliifuata bondeni, ikapotea, wakaipata tena kwenye matete. Kulungu alikuwa amelala, kichwa juu, anawatazama. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma haikumsikia.

"Yu hai. Lazima achinjwe," alisema Anverali. Waligeuza kichwa chake kuelekea kibla. Mzee alichomoa kisu, lakini ncha ikachora manyoya tu, isikate. Nilofar alikichukua. Alitamka, akakata, akashikilia kichwa kile mpaka macho yalipokwisha kumwona.

"Nyama ni halali," alisema baba yake.

"Ni halali."

"Mwakani utalitanguliza jina. Nitamuuliza sheikh."

"Mwakani siji, Baba."

Anverali aliketi chini, pale pale kwenye theluji iliyoloa, mgongo ukiegemea mnyama. Nilofar alifuta kisu, akakunja mikono ya koti, akaanza kupasua tumbo la kulungu peke yake. Lilikuwa limeharibika kama alivyohofia, na harufu ilimfanya ageuze uso. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka.

"Inuka, Baba. Utapata baridi."

"Tangulia," alisema Anverali, na hakuinuka.