Zamu ya Konokono

"Binti, una mkono mwepesi," mama alisema. "Nani kakufundisha kusuka?"

Binti alisita, msuko ukiwa katikati ya vidole. "Mama yangu."

"Kakufundisha vizuri. Nisalimie sana."

"Zimefika, mama."

Aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ukiegemea magoti ya binti, taulo mabegani na kopo la mafuta ya nywele miguuni, alikuwa mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa amemsahau. Hakumsahau kwa mkupuo. Kwanza alisahau sufuria jikoni, kisha akasahau njia ya kurudi kutoka dukani, kisha akasahau kwamba mumewe alishafariki. Mwisho, siku ambayo binti hakuijua mpaka ilipopita, akamsahau na yeye. Tangu hapo alimwita "binti" au "dada msusi", na kila alipoletewa chai alishukuru kama mgeni aliyelelewa vizuri. Shukrani hizo ndizo zilizomkata binti maini.

Siku hiyo kaka yake, dereva wa lori, alikuwa anakuja kumchukua mama akaishi kwake. Walishazungumza kwenye simu wakamaliza.

"Wewe unashinda saluni," kaka alisema. "Juzi mama kaokotwa kituoni na kandambili za watu. Kwangu wifi yako yupo nyumbani kutwa."

"Sijakataa."

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Mafua."

Alichokitaka kilikuwa kidogo mno hata akaona haya kukitaja. Alitaka mama amwite Konokono, mara moja tu, kabla gari halijaondoka.

Jina hilo lilitoka kwenye katuni. Walipokuwa wadogo, baba yao aliuziwa televisheni iliyokwisha kutumika. Picha safi, sauti hakuna. Fundi aliyemuuzia aliapa kwamba wiki ijayo angekuja kuitengeneza sauti. Fundi akahama mtaa, baba akafariki, na wiki ijayo haijafika mpaka leo. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana, katuni ya familia ya viboko ilipoanza, ilianza kimya, na mama akaisemea.

Alikuwa msusi. Mikono ilibaki kichwani mwa mteja, mdomo ukahamia kwenye kioo cha televisheni. Baba Kiboko, fundi bomba aliyeshindwa na bomba la nyumbani kwake, alipewa sauti nzito ya mwenye nyumba. Mama Kiboko aliongea kwa puani kama jirani wa mlango wa pili. Jirani mwenyewe alikuwa mteja, na alicheka kuliko wote, hajui kwamba anajicheka. Katuni ilikwenda miaka na miaka. Watoto wa viboko hawakukua. Waliokuwa wakiwatazama ndio waliokua, wakaota ndevu. Watu walipanga siku zao za kusukwa kwa kufuata viboko, na wengine walikuja na vichwa vilivyosukwa juzi.

Mwisho wa kila kipindi ulikuwa mmoja. Familia nzima ilijibana kwenye gari na kuondoka, na konokono aliyeishi juu ya nguzo ya geti ndiyo kwanza anafika chini. Vumbi likitulia, alifumbua mdomo. Hapo mama alinyamaza. Sehemu hiyo hakuisema yeye hata siku moja. Ilikuwa ya bintiye, mtoto aliyejificha nyuma ya mlango wageni wakibisha, ambaye shuleni walidhani hana ulimi. Chumba kizima kilimsubiri. Naye, macho yakiwa sakafuni, alisema:

"Na mimi je?"

Wateja walivunjika mbavu, na mama alimvuta mapajani na mikono yake yenye mafuta. "Tunakusubiri wewe, Konokono wangu. Tutakwenda wapi bila wewe?"

Sasa binti alikuwa amebakiza misuko michache aliposikia hodi. Kaka aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, mtu mkubwa, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Mume wangu, leo umechelewa," mama alisema.

"Foleni, mke wangu," kaka alijibu. Alishachoka kusahihisha. Akachuchumaa, akatoa simu mfukoni, uso umemchangamka. "Konokono, nimekuletea kitu. Nimewapata kwenye mtandao. Viboko!"

"Acha uongo!"

"Haki ya Mungu. Hata ile siku ya beseni ipo."

Binti alicheka kabla hajajizuia. "Baba Kiboko kanasa kwenye beseni la kuogea, akaenda nalo kuomba kazi."

"Akaambiwa karibu uketi. 'Asante, bosi, nimekuja na kiti changu.'"

"Na Mama Kiboko alipokwenda kufanya mtihani wa udereva?"

"Mtahini alirudi amekaa juu ya paa la gari!" Kaka alijifuta macho. "Halafu unajua konokono mwenyewe anasema nini? Nimesikiliza. Hasemi kitu. Anapiga chafya."

"Chafya? Miaka yote ile?"

"Chafya tupu, dada yangu."

Kaka aliisimamisha simu kwenye kopo la mafuta, mbele ya mama, akabonyeza. Kwa mara ya kwanza nyumbani humo, viboko wakasema. Baba Kiboko alikuwa na kisauti chembamba, cha haraka haraka. Alipoambiwa aketi, hakutaja kiti wala nini, alilalamikia mvua.

Mama alijikunja. "Nani hao?"

"Hasikii vizuri, ngoja niongeze," kaka alisema, akaongeza.

"Nani hao wanaowasemea watu wangu?" Mama alivuta taulo akajifunika kichwa, misuko na yote. "Watoeni! Watoeni ndani!"

Binti aliruka, akainyakua simu, akazima sauti. "Walikuwa bubu, kaka. Bubu! Umesahau na wewe?"

Binti aliirudisha simu pale pale, akaliteremsha taulo taratibu, akashika msuko alipouachia. Viboko waliendelea na mambo yao, kimya kama zamani. Kisha, chini ya vidole vyake, alikisikia kichwa cha mama kikitikisika kidogo.

"Asante, bosi," mama alisema kwa sauti nzito ya mwenye nyumba. "Nimekuja na kiti changu."

Kaka aliziba mdomo kwa kiganja.

Mama hakuishia hapo. Akawasemea wote, bosi na Mama Kiboko na watoto, puani na kifuani, bila kukosea zamu hata moja. Mikono yake ilisuka hewani. Binti alisuka naye, akijua kinachokuja. Familia ikajibana kwenye gari. Gari likaondoka. Konokono akateremka kwenye nguzo, akafumbua mdomo.

Mama akanyamaza. Alikuwa anasubiri.

Binti aliteremsha macho sakafuni kama yule mtoto wa nyuma ya mlango. Akainama hadi karibu na sikio la mama.

"Na mimi je?"

Mama aligeuka. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwaka mzima, na binti akajiona tayari yuko mapajani. Lakini uso wa mama ulikuwa umekasirika.

"Dada msusi, hilo neno lina mwenyewe."

"Mama..."

"Ni la mwanangu. Akirudi akakuta limeshasemwa, atalia. Yule haongei na watu, ana haya sana. Hana kingine, ana hilo tu." Sauti ikalainika; hakutaka kumvunja moyo mtu wa watu. "Wewe una mkono mwepesi, utapata lako. Hilo muachie Konokono wangu."

Jina lilikuwa limetajwa. Aliyelitaja alikuwa anatazama mlangoni.

"Nisamehe, mama," binti alisema. "Sirudii."

"Haidhuru. Simamisha hapo basi, tumsubiri. Hatuwezi kuondoka bila yeye."

Binti alinyoosha kidole, akaisimamisha picha. Konokono alibaki chini ya nguzo, mdomo wazi. Kaka, aliyekuwa amekwisha kunyanyua begi la mama, aliliweka chini polepole akalikalia, funguo akazifumbata zisilie.

"Atakuja sasa hivi," mama aliwaambia wote wawili. "Ana mwendo wa pole tu."

Msuko ulikuwa umebaki mmoja, nao ulikuwa umefika mwisho. Binti akaufumua wote, akachovya kidole kwenye mafuta, akaanza upya.